Kuifufua Pikipiki Iliyonyeshewa Miaka: Yamaha AG100 katika Milima ya Masisi

Yamaha AG100 iliundwa kwa ajili ya wafugaji. Ilitoka mwanzoni mwa miaka ya 1970, ikilenga mashamba ya ng'ombe na kondoo ya Australia na New Zealand, na herufi AG zimechukuliwa kutoka neno la Kiingereza la kilimo. Mtu wa malishoni anaonekana katika kila kiungo chake. Ina stendi mbili za ubavuni, moja kushoto na moja kulia, ili isimame kwenye mteremko wa upande wowote. Mkono wa klachi una kifungo cha kuushikilia ukiwa umebanwa, dereva apate kufungua lango bila kuzima injini. Mnyororo umefichwa wote ndani ya kasha, matope yasiufikie. Keria ya mzigo iko nyuma na nyingine mbele. Injini ni ya mapigo mawili, sentimita za ujazo 97, inaamshwa kwa kiki na inapozwa na upepo tu.

Walioiunda hawakuwa wakiifikiria Kivu Kaskazini, lakini ni kama waliipima Masisi kwa futi. Milima ya Mushaki, Ngungu na Kitshanga ni nchi ya ng'ombe, ya nyasi nzito na jibini la mviringo linaloshushwa Goma, na mvua ikinyesha njia zake hugeuka mifereji. AG100, pamoja na ndugu yake DT125, zikaingia mikononi mwa wauguzi wa chanjo wenye kisanduku cha baridi kwenye keria, madaktari wa mifugo, maagronomu, mapadre na wachungaji wa makanisa. Leo barabara ni ya TVS na Boxer za injini ya mapigo manne, zinazokunywa petroli kidogo na ambazo vipuri vyake vipo kila senta. Lakini ukizunguka nyuma ya kituo cha afya cha zamani, au kwenye ua wa misheni, bado utaikuta AG100 imeegemea ukuta, tairi zimezama ardhini, tangi limegeuka rangi ya udongo.

Haikuachwa kwa uzembe. Mwaka 1993, 1996, 1998, 2008, 2012, kisha mapigano ya Sake mwaka 2024 na ya Masisi-Centre na Walikale mwaka 2025: kila wimbi la vita limewakuta watu bila petroli au njia imefungwa, wakaondoka kwa miguu na watoto mgongoni. Pikipiki ikabaki chini ya mparachichi, imefunikwa shitingi. Mwenyewe hurudi baada ya miaka mitatu, mitano, au kumi. Ninaandika kwa ajili ya huyo anayerudi, na kwa fundi atakayeitiwa kazi hiyo, kwa sababu nyingi ya pikipiki hizi zinapona, na nyingi ya zile zisizopona huuawa siku ya kwanza ya matengenezo.

Kabla ya spana kuna mambo mawili. La kwanza ni ardhi iliyo chini yake. Mahali palipopiganiwa huenda pana gruneti au kombora lisilolipuka, na kitu kilichotelekezwa ndicho kinachovuta mkono wa mtu. Ukiona udongo umefukuliwa karibu na magurudumu, waya, au chuma usichokijua, usiiguse; waite viongozi wa mtaa wawatafute wanaojua kutegua. La pili ni mwenyewe. Pikipiki iliyoachwa vitani ina mwenye mali hata kama hajaonekana. Namba ya fremu imegongwa kwenye shingo ya usukani, na ya injini kwenye kasha la injini. Ziandike, uzipeleke kwa chefu wa lokalite na kwa zone ya afya au parokia iliyokuwa nayo. Pikipiki isiyo na historia safi itakusumbua kwenye kila kizuizi cha barabarani, hata ikiunguruma vizuri namna gani.

Sasa turudi kwenye chuma. Watu wengi wakiiona pikipiki ya namna hii hutazama kutu ya nje na kukata tamaa, au hutazama rangi iliyosalia na kupata tumaini. Yote mawili yanapotosha. Kutu ya nje inashusha bei, basi. Kinachoiharibu injini ni unyevu ulionaswa ndani yake, mahali jicho halifiki. Mchana jua likipiga, hewa ndani ya tangi na silinda hupanuka na kutoka. Usiku baridi ya milimani ikishuka, hewa nyingine yenye unyevu huingia, na unyevu huo hugeuka matone juu ya chuma. Zidisha kwa usiku wa miaka mitano. Shitingi iliyofungwa hadi chini haisaidii. Inauzuia mvuke wa ardhi usitoke, na pikipiki inalowa kila alfajiri bila tone la mvua kuigusa.

Masisi ina jambo jingine ambalo vitabu vya Japani havilitaji. Nyiragongo na Nyamulagira ni miongoni mwa volkano zinazotoa gesi nyingi zaidi ya salfa duniani, na upepo wa kawaida huisukuma gesi hiyo upande wa magharibi, yaani juu ya Sake na vilima vya Masisi. Ikikutana na mvua, mvua huwa na asidi. Wenye nyumba wa huko wanajua mabati yao yanavyoliwa mapema. Pikipiki iliyosimama chini ya anga hiyo hupoteza kromu kwanza, kisha spoki, kisha ncha za waya za umeme, ambazo hugeuka unga wa kijani. Ukishuka Walikale, asidi inapungua lakini msitu unaleta yake: joto la unyevu mchana na usiku, ukungu ndani ya kiti, panya kwenye kisanduku cha filta ya hewa, na nyigu wajengao kwa udongo ambao hupenda sana tundu la ekzosi na vijitundu vya kupumulia vya kabureta.

Kwa hiyo siku ya kwanza usiipige kiki. Najua mguu unawasha. Kiki ya AG100 hupitia gia ndogo zenye meno membamba, na pistoni ikiwa imeshikwa na kutu, meno hayo ndiyo yatakayokatika. Hata kama pistoni itakubali kusogea, ringi zilizokauka zitapita juu ya kutu na kwenye kingo za matundu ya silinda. Silinda ya mapigo mawili ina matundu ubavuni, ya kuingizia na ya kutolea gesi, na ringi isiyo na unyumbufu hunasa pale na kuvunjika. Kipande kimoja kinatosha kuichana silinda nzima.

Toa plagi, ile mafundi wa Goma wanayoiita buji. Mimina ndani ya silinda nusu kikombe cha dizeli iliyochanganywa nusu kwa nusu na mafuta ya giaboksi ya otomatiki. Yakikosekana, dizeli na oili nyembamba. Toa pia bomba la ekzosi uone kama pistoni imelifunika tundu lake, kwani likiwa wazi mchanganyiko wako utamwagikia huko. Ziba tundu la plagi kwa kitambaa, uache. Siku ya pili ongeza. Wiki moja si nyingi kwa chuma kilicholala miaka mitano. Kisha weka gia ya juu kabisa, shika usukani, na uisukume pikipiki mbele na nyuma taratibu kwa uzito wa mwili. Kwa gia ya juu gurudumu la nyuma linaisukuma pistoni kwa upole na kwa nguvu sawa pande zote mbili, jambo ambalo kiki haiwezi. Ikisogea hata unene wa kucha, umeshinda. Rudia bila pupa, ongeza mafuta, hadi izunguke duara kamili.

Isiposogea, fungua kichwa cha silinda na utazame. Injini hii haina vali wala mnyororo wa kamshafti huko juu, hivyo mtu mwenye spana nne anafika kwenye pistoni ndani ya muda mfupi, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya mimi kuitetea pikipiki hii. Paka mafuta pembeni mwa pistoni, mwagia silinda maji ya moto kwa nje, kisha gonga pistoni kwa kipande cha mti mgumu kilichochongwa kuienea, nyundo ikigonga mti. Usitie bisibisi pembeni. Pistoni ni ya aluminiamu, itakwaruzika na kukupa kazi mpya. Ukuta wa silinda ukiwa na madoa mepesi, kusuguliwa kunatosha. Ukiwa na mashimo ambayo ukucha unayahisi, silinda ichongwe na kuwekewa pistoni kubwa zaidi, ambazo hupatikana kwa hatua za milimita 0.25. Nunua pistoni kwanza, ndipo uipeleke silinda ichongwe kwa kipimo cha pistoni uliyoishika. Wapo waliochonga kwanza, wakarudi Birere, mjini Goma, kutafuta pistoni ya kipimo hicho, wakaikosa.

Hapo wengi hudhani injini imepona. Imezunguka, cheche ipo, petroli inafika: inawaka. Inatembea siku tatu, kisha inakwama njiani, pistoni imeyeyuka upande mmoja. Fundi anailaumu petroli ya kadhafi, yule muuzaji wa barabarani; mwenye pikipiki anamlaumu fundi. Mara nyingi mwenye kosa ni kipande cha mpira cha duara, chenye upana wa vidole viwili, ambacho hakuna aliyekitazama.

Injini ya mapigo mawili haina pampu nyingine ya kuvutia hewa na petroli. Chumba cha chini, inamozunguka krenki, ndicho pampu. Pistoni ikipanda, chumba kinavuta mchanganyiko kutoka kabureta; ikishuka, kinausukuma juu kupitia matundu ya ubavuni. Pampu hiyo ni lazima isivuje. Krenki hutoka nje ya chumba pande zote mbili, kushoto kwenda kwenye magneto na kulia kwenda kwenye klachi, na kila upande umezibwa na sili ya mpira. Mpira ukikaa miaka mingi bila mafuta hukauka, mdomo wake unakuwa mgumu, na sehemu ya krenki unapogusa hupata kutu inayoukwangua mara injini inapozunguka.

Sili ya upande wa magneto ikivuja, injini inavuta hewa ya ziada isiyopita kwenye kabureta. Mchanganyiko unakuwa na petroli kidogo, na kwa kuwa oili ya injini hii husafiri pamoja na petroli, ulainishaji nao unapungua. Utaisikia injini inapanda mzunguko yenyewe bila kuguswa akseleta, au haitulii ukiifunga. Usiisifu kuwa ina nguvu. Vuta choki, funga petroli, izime. Sili ya upande wa klachi ikivuja, dalili ni nyingine: chumba kinanyonya oili ya giaboksi, moshi mweupe hauishi, na kijiti cha kupimia kinaonyesha oili inapungua ilhali chini hakuna tone lililomwagika.

Kuna njia ya kuzipima sili kabla ya kuwasha, na katika pikipiki iliyokuwa ya kituo cha afya vifaa vyake huenda viko chumba cha pili. Ziba tundu la ekzosi na njia ya kabureta kwa mpira uliobanwa vizuri. Kwenye tundu la plagi unganisha mpira wa kipimo cha shinikizo la damu, kile cha mshipi na kibofu cha kujaza kwa mkono. Sogeza pistoni chini kabisa ili silinda na chumba cha krenki viwe kitu kimoja, kisha jaza hadi milimita 250 za zebaki, sawa na theluthi moja hivi ya pumzi ya anga. Kipimo hicho huishia 300, lakini usizidishe maana utazisukuma sili zenyewe. Sindano ikisimama mahali pake kwa dakika kadhaa, chumba ni kizima. Ikiporomoka, paka povu la sabuni kwenye viungio vyote na nyuma ya sumaku ya magneto; palipo na uvujaji patatoa mapovu. Kama hakuna mapovu popote, fungua kofia ya kumwagia oili ya giaboksi na usikilize: upepo ukitokea huko, ni sili ya ndani.

Ushauri wangu kwa pikipiki iliyokaa nje zaidi ya miaka mitatu ni kubadilisha sili zote mbili hata zikipita mtihani. Ni vitu vya bei ndogo. Usiende sokoni kuulizia "sili ya AG100", utarudi mikono mitupu au na kitu kisicho chake. Sili ina vipimo vitatu vya milimita vilivyoandikwa usoni: tundu la ndani, upana wa nje na unene. Beringi nayo ina namba iliyogongwa kwenye duara lake, na beringi yenye namba hiyo ni ileile Birere, Kisekka ya Kampala au barabara ya Kirinyaga Nairobi, awe ameiunda nani. Andika namba hizo kwenye karatasi kabla hujasafiri.

Beringi za krenki zikaguliwe kazi hiyo hiyo. Shika fimbo ya pistoni uivute juu na chini: kusiwe na mchezo wowote. Kuyumba kidogo kushoto na kulia ni kawaida yake. Zungusha krenki kwa mkono, sikio karibu. Kutu kwenye mipira ya beringi inasikika kama mchanga, na sauti hiyo haiishi kwa kulainisha.

Kuhusu oili yenyewe, Yamaha wana mfumo wao wa Autolube, walioutoa mwaka 1964 kwenye pikipiki ya YA6: pampu ndogo inachukua oili kwenye kitangi chake na kuipeleka injini kulingana na akseleta, dereva asihangaike kuchanganya. Ni kazi nzuri ya uhandisi, lakini baada ya miaka ya kulala, oili ndani ya mirija myembamba imekuwa gundi, na mahali ilipokauka hewa imeingia. Pampu inaweza kuzunguka bila kupeleka tone. Osha kitangi, badilisha mirija, toa hewa kupitia skrubu ya pampu hadi oili itoke bila mapovu. Na hata ukiridhika, tangi la kwanza la petroli lichanganye kwa mkono, mililita 40 za oili ya mapigo mawili kwa kila lita moja. Itatoa moshi mwingi. Moshi wa siku moja unavumilika kuliko kununua pistoni nyingine.

Tangi la petroli linataka subira ya aina yake. Petroli iliyoachwa ndani imepoteza sehemu yake nyepesi, iliyobaki imekuwa utomvu wa kahawia wenye harufu ya rangi mbichi, na chini yake kuna maji, kwa kuwa maji ni mazito kuliko petroli. Kutu huanzia hapo chini. Mwaga, osha kwa sabuni na maji ya moto mara kadhaa, kisha tikisa humo mnyororo mfupi au kokoto zenye ncha pamoja na maji ya sabuni ili kutu iliyolegea ing'oke. Wapo wanaotia asidi ya betri. Inakula kutu na inakula tangi, na matangi haya yalikuwa membamba tangu siku ya kwanza.

Ninachopendelea ni umeme. Jaza tangi maji yenye magadi, yale ya kulainishia maharage, kijiko kimoja cha kulia kwa kila lita 4. Ingiza nondo safi kupitia mdomo wa tangi, uishikilie kwa kipande cha mbao au mpira ili isiguse tangi popote. Chukua betri ya sola ya volti 12: upande hasi uunganishe na tangi, upande chanya na nondo. Ukigeuza pande hizo utaliyeyusha tangi, kwa hiyo hakikisha mara mbili. Mapovu yatapanda, nondo itavaa matope ya kutu, na baada ya usiku mmoja au mbili kutu ya ndani imekuwa unga mweusi unaotoka kwa kusuuzwa. Usitumie chumvi badala ya magadi, inatoa gesi ya klorini. Usitumie chuma kisichoshika kutu badala ya nondo, maana maji yake yatakuwa sumu. Mapovu yenyewe ni haidrojeni, hivyo kazi hii ifanyike uwanjani, mbali na jiko na sigara, na ukimaliza toa waya upande wa betri kwanza. Suuza, kausha juani siku hiyohiyo, zungushia ndani petroli yenye oili kidogo, kwani chuma kilichovuliwa kutu hushika kutu mpya ndani ya saa chache.

Na tangi lililotoboka lisipelekwe kwa mchomeleaji hivi hivi. Mvuke wa petroli hukaa kwenye mikunjo ya bati miaka na miaka, na tangi tupu hulipuka vibaya kuliko lililojaa.

Kabureta nitaipitia kwa haraka kwa upande wa kuisafisha: ifungue, iloweke, puliza kila kitundu, usitie waya mgumu kwenye jeti kwa sababu ni shaba na kipimo chake ni cha sehemu ndogo sana za milimita, unyuzi mmoja wa waya laini wa umeme unatosha. Kinachostahili maneno zaidi ni mahali utakapoitumia. Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na malisho mengi ya Masisi yako juu zaidi, kufikia mita 2,000 na kupita. Huko hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 20, kwa hiyo kabureta iliyopimwa kiwandani inamwaga petroli nyingi kuliko inavyohitajika. Injini inakuwa nzito, plagi nyeusi yenye masizi, matumizi makubwa. Fundi mwenye ujuzi anapandisha klipu ya sindano mfuo mmoja au anaweka jeti ndogo, na pikipiki inachangamka.

Halafu mwenye pikipiki anapata safari ya Walikale. Njia inashuka kutoka milimani hadi msituni, chini ya mita 1,000, hewa inazidi kuwa nzito kila kilomita, na kabureta iliyopunguzwa kwa ajili ya Mushaki sasa inatoa petroli kidogo mno. Injini inasikika kali na nyepesi, dereva anafurahi, na karibu na Kashebere au mbele yake pistoni inashika. Kwa injini ya mapigo mawili sheria ninayoifuata ni kuirekebisha kwa ajili ya mahali pa chini kabisa itakapofika. Milimani itakula petroli zaidi, nawe utasafisha plagi mara kwa mara. Anayeishi Masisi pekee na hashuki aweza kuipunguza, lakini aandike kwa rangi chini ya kiti kwamba imepunguzwa, maana pikipiki huazimwa.

Upande wa umeme ni rahisi kuliko watu wanavyouogopa. Magneto haihitaji betri ili kutoa cheche. Toa sumaku kwa kifaa chake cha kuvutia, usiigonge kwa nyundo, na utakuta kutu imejaza nafasi kati yake na koili. Platini, vile vidole viwili vinavyokata umeme, vitakuwa na ukungu mweupe. Visugue kwa msasa laini kabisa, futa kwa petroli, rudisha mwanya wa milimita 0.3 hadi 0.4. Waya zilizogeuka kijani zikatwe hadi kwenye shaba nyekundu. AG100 nyingi za zamani ni za volti 6, hivyo soma balbu ya zamani kabla ya kununua mpya.

Kisha breki, na hapa sikubali njia ya mkato. Fungua dramu zote mbili. Ngozi za breki zilizokaa kwenye unyevu huonekana nene na nzima, lakini gundi iliyozishika kwenye chuma imekufa. Zitang'oka zote mara ya kwanza utakapobana kwa nguvu ukishuka kilima cha Sake, na gurudumu litajifunga. Zibadilishe bila kuzionea huruma. Vumbi la ngozi za zamani huenda lina asbesto, linaloharibu mapafu, kwa hiyo usilipulize. Lioshe kwa maji na kitambaa. Kamu inayozisukuma ngozi hukwama kwa kutu, itoe, isugue, ipake grisi kidogo. Tairi zina tarakimu nne ubavuni ndani ya kiduara: mbili za juma na mbili za mwaka. Zikiwa tatu tu, tairi hiyo ni ya kabla ya mwaka 2000 na kazi yake iliyobaki ni kukatwa viatu. Spoki zigongwe moja moja kwa spana ndogo. Inayotoa sauti butu imelegea au imeliwa kwenye kichwa chake.

Fremu inaliwa mahali maji yanapotuama: chini ya kisanduku cha betri, kwenye mrija wa chini kabisa, na kwenye boliti ndefu inayoshika mkono wa gurudumu la nyuma. Boliti hiyo ndiyo inayowaliza mafundi. Imwagie mafuta ya kupenya siku zote ambazo pistoni inalowa, ukianza kazi mapema iwezekanavyo, kwa sababu ikikatika ndani, itabidi itobolewe. Gonga mirija kwa nyundo ndogo. Chuma kizima kinalia, kilicholiwa kinatoa sauti ya kuzimia, na hapo pachomelewe kiraka kabla ya kubeba mtu.

Rangi iwe ya mwisho, tena ikiwezekana iwe brashi ya kuzuia kutu na si kioo cha maonyesho. Ulaya na Marekani mtu huirudisha pikipiki ya zamani ing'ae kama ilivyotoka kiwandani, na ni haki yake. Ya Masisi itabeba makopo ya maziwa au kisanduku cha chanjo. Alama zake za zamani, hata maandishi ya mradi uliokwisha zamani kwenye tangi, mimi huziacha. Zinamsaidia mwenye haki kuitambua.

Siku ya kuwasha, tumia petroli mpya. Ya kadhafi iweke kwanza kwenye chupa nyeupe, iache itulie, uone kama kuna mstari wa maji chini. Iwashe, iache ipate joto bila kuikoromesha, izime, ipoe kabisa, kaza tena nati za kichwa. Fanya hivyo mara tatu. Safari za kwanza ziwe fupi na za akseleta nusu, na kila urudipo toa plagi uisome: rangi ya ngozi ya karanga ni afya, nyeupe ni kukosa petroli, nyeusi yenye mafuta ni kuzidi.

Na kwa kuwa mtu wa huku anajua huenda akalazimika kuiacha tena, ajifunze kuiandaa. Ukipata nusu saa tu kabla ya kuondoka, inatosha. Mwaga petroli yote, tangini na kwenye kikombe cha kabureta. Tia vijiko viwili vya oili kupitia tundu la plagi, zungusha kiki mara chache, kisha iache pistoni ikiwa juu, ikiliziba tundu la ekzosi. Rudisha plagi. Ziba ekzosi na mdomo wa filta kwa tambara lenye oili. Toa betri. Inua magurudumu juu ya mawe, na shitingi iishie kwenye usawa wa ekseli, upepo upite chini. Funga kitambaa chekundu kwenye usukani, na umwambie jirani anayebaki maana yake: ndani ya ekzosi kuna tambara.